Baraji zetu za zamani: namna ya kujua kama ukuta unachoka

Mabaraji mengi yanayotupatia umeme huku kwetu yalijengwa kabla ya uhuru. Mwadingusha, kwenye mto Lufira, kilomita karibu 70 kutoka Likasi, ilianza kutoa umeme mwaka 1930. Wazee waliijua kwa jina la Francqui. Koni, iliyo chini yake kwenye mto ule ule, ilimalizika karibu na mwaka 1950 na wakati huo iliitwa Bia. Upande wa Lualaba kuna Nzilo (zamani Delcommune), iliyoanza kati ya 1952 na 1954, halafu Nseke (zamani Le Marinel), ya 1956 na 1957. Zote nne zilijengwa juu ya Union Minière, ili viwanda vya shaba vya Jadotville, Kolwezi na Élisabethville vipate nguvu ya kutosha. Raia wa kartie walipata ile iliyobaki.

Si Haut-Katanga na Lualaba peke yake. Wasomaji wetu wa Manono wana Piana-Mwanga kwenye Luvua, ya mwaka 1933. Wa Kalemie wana Bendera kwenye mto Kyimbi, ya 1959. Kisangani wana Tshopo, ya miaka ya 1950. Bukavu na Uvira wana Ruzizi ya kwanza, ya 1958. Ukiangalia hiyo miaka utaona kwamba mtoto aliyezaliwa siku Mwadingusha ilipowashwa leo ni muzee wa zaidi ya miaka tisini.

Mwaka 2021 Chuo Kikuu cha Umoja wa Mataifa kilitoa ripoti juu ya mabaraji yanayozeeka. Ripoti hiyo inahesabu mabaraji makubwa 58,700 duniani, na inasema mengi yalijengwa kati ya 1930 na 1970, kwa hesabu ya kudumu miaka 50 hadi 100. Hiyo haimaanishi kwamba baraji ikifikisha miaka 100 inaanguka, sawa dawa iliyopitwa na tarehe. Baraji ya betoni iliyotunzwa vizuri inaweza kupita hapo. Na baraji ya udongo ya miaka kumi tu, isiyotunzwa, inaweza kuua watu usiku mmoja. Umri unatuambia tu kwamba sasa inafaa kuangalia zaidi kuliko zamani.

Kila mwaka mvua ikishika, kuanzia Januari mpaka Aprili, watu wanauliza swali lile lile: ile baraji iko salama? Jibu wanalopata kwa kawaida ni la neno moja, ndiyo au hapana, na mara nyingi linatoka kwa mtu asiyeonyesha kitu chochote. Makala hii inataka kueleza kitu ambacho jibu zuri linapaswa kuonyesha. Kitu hicho ni mchoro. Karibu kila kinachojulikana duniani juu ya usalama wa baraji ya zamani kinaishia kwenye michoro michache, na mtu aliyefika darasa la sita anaweza kuisoma akielezwa mara moja.

Vitu vinavyopimwa

Baraji inaonekana imelala, lakini inatembea. Ziwa likijaa, maji yanasukuma ukuta na ukuta unaenda mbele kidogo, milimita chache. Ziwa likishuka, unarudi. Betoni ikipata joto inavimba, ikipata baridi inajikunja. Na kila baraji inavuja. Mtu akikuambia baraji yake haivuji hata tone, jua kwamba hajaangalia vizuri.

Kwa hiyo wafanyakazi wa baraji wanapima vitu vinne, vitano. Wanapima kiwango cha ziwa kila siku, kwa kusoma ubao wenye namba uliosimamishwa ndani ya maji. Wanapima maji yanayovuja: yanakusanywa kwenye mfereji mdogo, yanapita kwenye kibati kilichokatwa umbo la V, na kimo cha maji kwenye ile V kinaonyesha ni lita ngapi kwa dakika. Wanapima presha ya maji chini ya ukuta na ndani ya udongo, kwa mabomba membamba yanayoitwa piezometa. Wanapima kama ukuta umeegama, kwa waya mrefu wenye kitu kizito chini. Ni timazi ile ile ya fundi mwashi, ila hii inaning'inia ndani ya betoni miaka na miaka. Tena wanapima nyufa, kwa vyuma viwili vilivyopigwa huku na huku kwenye ufa, ili ijulikane kama umbali kati yao unaongezeka.

Rangi ya maji yanayovuja inahitaji macho tu. Maji safi yanayotoka chini ya baraji ya udongo kwa kawaida hayatishi. Maji yakianza kutoka na matope, maana yake yanabeba udongo kutoka ndani, na baraji inajila yenyewe kutoka tumboni. Ndivyo baraji ya Teton, kule Idaho, Marekani, ilivyokwisha tarehe 5 Juni 1976. Asubuhi waliona maji ya matope yakitoka, kabla ya saa sita mchana ukuta ulikuwa umepasuka. Watu 11 walikufa. Baraji ile haikuwa ya zamani hata kidogo, lilikuwa linajazwa maji kwa mara ya kwanza.

Namba hizi zote zinaandikwa kwenye kaye. Siku hizi zinaingia pia kwenye kompyuta, na kuna mabaraji yenye vyombo vinavyotuma namba vyenyewe. Lakini kaye ya namba, hata ikiwa imejaa vizuri, ni ngumu kusoma. Ndiyo maana mchoro.

Mfano mmoja, chukua biki

Tuseme kuna baraji fulani, si ya mahali popote, tunaitunga hapa kwa kujifunza. Mfanyakazi anapima maji yanayovuja. Mwezi wa tatu, ziwa limejaa, anapata lita 20 kwa dakika. Mwezi wa kumi na moja, ziwa limeshuka, anapata lita 8. Mwaka unaofuata: 21, halafu 8. Mwaka wa tatu mvua ni kidogo, ziwa halijai, anapata 18, halafu 9. Mwaka wa nne: 24 na 10. Wa tano, mvua kidogo tena: 22 na 12.

Ukisoma namba hizo kwenye kaye unaona zinapanda na kushuka, kila mwaka vile vile. Ukichora mstari wa kawaida, tarehe chini na lita juu, unapata mawimbi. Wakubwa wataangalia yale mawimbi na kusema ni msimu tu, mvua ikija inapanda, kiangazi ikija inashuka. Na mwaka wa tano, lita 22 ni chini ya 24 ya mwaka uliopita, basi mtu anaweza hata kuandika kwenye ripoti kwamba hali imekuwa nzuri.

Sasa chora namna ingine. Chukua karatasi ya kaye ya hesabu, ile yenye vyumba. Chini usiweke tarehe, weka kiwango cha ziwa. Kando weka lita. Kila kipimo ni nukta moja. Nukta za mwaka wa kwanza zipige kwa biki ya bluu, za mwaka wa tano kwa nyekundu. Kama baraji haikubadilika, nukta nyekundu zitakaa juu ya zile za bluu, maana kwa kiwango kile kile cha maji ukuta unavuja kiasi kile kile. Lakini kwenye mfano wetu nyekundu zimepanda zote juu ya bluu. Ziwa lilikuwa chini na bado lita zilikuwa nyingi. Msimu hauwezi kueleza hilo. Kuna kitu kimefunguka ndani.

Namba ni zile zile, kaye ni ile ile. Mchoro wa kwanza unaficha, wa pili unaonyesha. Mimi naona hapo ndipo penye shida yote ya mabaraji ya zamani, kwa sababu huko kuchoka kwa ukuta ni kudogo sana, na kupanda na kushuka kwa msimu ni kukubwa, na kikubwa kinafunika kidogo.

Wainjinia wa EDF, shirika la umeme la Ufaransa, waliliona hilo zamani. Miaka ya 1960 walitengeneza njia ya hesabu inayogawa kila kipimo sehemu tatu: sehemu inayoletwa na kiwango cha maji, sehemu inayoletwa na msimu, yaani joto na baridi, na sehemu inayobaki, inayokwenda na miaka. Hiyo ya tatu ndiyo uzee. Wakiitoa peke yake na kuichora, wanapata mstari mmoja. Mstari ukiwa umelala, baraji inazeeka kwa utulivu. Ukipanda polepole kwa mwendo ule ule, inafuatwa kwa karibu. Ukikunja kuelekea juu, yaani kila mwaka unaongeza zaidi kuliko mwaka uliopita, watu wanaitwa. Njia hiyo inatumika mpaka leo katika nchi nyingi, na haihitaji mashine ya bei. Inahitaji vipimo vya miaka mingi visivyokatika. Hapo baraji ya zamani ina utajiri ambao mpya haina, kama makaye yake yametunzwa. Kaye ya 1950 iliyoliwa na mchwa ni hasara kubwa kuliko kompyuta iliyoibiwa.

Mchoro pia unadanganya

Mtu akitaka kukutuliza, anaongeza kipimo cha kando. Mstari wa ukuta uliosogea milimita 6, ukichorwa kwenye karatasi inayoanzia 0 mpaka 500, unalala kama meza. Ukichorwa kutoka 0 mpaka 10, unapanda kama ngazi. Anayetaka kukutisha anafanya kinyume. Kwa hiyo kabla ya kuangalia mstari, angalia namba za kando, halafu uliza: kwa baraji ya namna hii, mwisho unaoruhusiwa ni ngapi? Mchoro mzuri una mstari mwingine uliolala, mara nyingi mwekundu, unaoonyesha huo mwisho. Bila huo mstari, unaangalia picha tu.

Rangi nazo ni za kuangalia. Ripoti nyingi zinapaka kila kitu kijani, njano au nyekundu, sawa taa za barabarani. Inasaidia waziri asiye na saa ya kusoma. Lakini kijani inaweza kumaanisha "tumepima, iko sawa", na inaweza pia kumaanisha "hatukuona tatizo", kwa sababu chombo kimeharibika toka miaka mitatu. Mabaraji yanayosimamiwa vizuri yanatumia rangi ya nne, kijivu: hatujui, haijapimwa. Ripoti isiyo na kijivu hata kidogo juu ya baraji ya miaka sabini, mimi ningeisoma mara mbili.

Jambo lingine linalochanganya watu: mashine na ukuta si kitu kimoja. Mwadingusha ilifanyiwa kazi kubwa na SNEL pamoja na Ivanhoe Mines na Zijin, juu ya mgodi wa Kamoa-Kakula. Turbini sita mpya zilifungwa, mabomba ya maji na mitambo ya umeme ikatengenezwa, na mwaka 2021 kituo kilikuwa kinaweza kutoa megawati 78. Ni jambo jema, na wakaaji wameona tofauti ya kituo kilichokuwa kimechoka. Lakini turbini mpya haizuii ziwa. Linalozuia ziwa ni ukuta na miamba ulioketi juu yake, na hivyo vinapaswa kupimwa mwaka hadi mwaka, hata baada ya kazi nzuri.

Kariba wanavyoonyesha

Majirani zetu wa kusini wana mfano wa karibu. Baraji ya Kariba, kwenye Zambezi, kati ya Zambia na Zimbabwe, ilimalizika 1959. Ukuta wake una kimo cha mita 128. Mamlaka ya Mto Zambezi inaweka kiwango cha ziwa kwenye intaneti, pamoja na mchoro unaolinganisha mwaka huu na mwaka jana. Kila mtu anajua mipaka miwili: ziwa lilipangwa kufanya kazi kati ya mita 475.50 na mita 488.50 juu ya bahari. Mwisho wa 2022, maji ya kufaa kwa umeme yalipokaribia kwisha na upande wa Zimbabwe ukaambiwa usimamishe mashine, hakuna aliyeshangaa kabisa, kwa maana mstari ulikuwa unashuka mbele ya macho ya watu wote kwa miezi. Wenye viwanda, wakulima, wavuvi, waandishi wa habari, wote waliuona.

Huo ni mchoro wa maji, haukuonyesha ukuta. Lakini ukuta wa Kariba nao ulikuwa na mchoro wake, na huo ndio uliotoa pesa. Miaka ya 1960 na 1970 milango ya kumwagia maji ilifunguliwa kwa muda mrefu, na maji yakianguka yakachimba shimo kwenye mwamba chini ya baraji. Walipima shimo hilo mara kwa mara na kuchora umbo lake, mstari juu ya mstari, kila mstari na mwaka wake. Ukiangalia mchoro ule huhitaji kuwa injinia: shimo linaenda chini, mpaka karibu mita 80, na upande mmoja linarudi nyuma kuelekea mguu wa ukuta. Kazi ya kulitengeneza ilianza 2017, kwa mpango wa dola karibu milioni 294 kutoka Umoja wa Ulaya, Benki ya Dunia, Benki ya Maendeleo ya Afrika na Sweden. Betoni ya Kariba ina ugonjwa wake pia: inavimba polepole kwa sababu ya kemia ya mawe yake, na milango inabanwa. Hilo nalo lilijulikana kwa vipimo vilivyochorwa.

Mfano wa kinyume ni Derna, mji wa Libya. Juu yake kulikuwa na mabaraji mawili ya udongo na mawe, yaliyojengwa miaka ya 1970. Mwaka 2022 mtaalamu wa maji wa Chuo Kikuu cha Omar Al-Mukhtar alichapisha utafiti ndani ya nchi yenyewe, wenye hesabu za mafuriko ya zamani ya bonde lile, na kuonya kwamba mafuriko makubwa yakija watu wataangamia kama mabaraji hayatatunzwa. Usiku wa tarehe 10 kuamkia 11 Septemba 2023 dhoruba ya Daniel ilileta mvua, mabaraji yote mawili yakavunjika, ya juu ikafuatwa na ya chini, na maelfu ya watu walisombwa na kupelekwa baharini. Hesabu zilikuwepo. Zilikuwa zimekaa kwenye jarida la wasomi. Mkaaji wa kando ya bonde hakuwa na ramani hata moja ya kumwambia nyumba yake iko ndani ya njia ya maji.

Ramani ya walio chini

Wengi wetu tunafikiri hatari ya baraji ni ukuta kuwa mbovu. Wataalamu wanahesabu namna ingine. Wanachora mraba: kwenda juu ni uwezekano wa ukuta kuvunjika, kwenda kando ni watu wangapi watakuwa chini yake siku hiyo. Kila baraji ni nukta. Ukuta mchovu kwenye pori lisilo na mtu unakaa pembeni kushoto. Ukuta mzima juu ya mji wa watu elfu hamsini unakaa kulia, na unaweza kuhitaji pesa mbele ya ule mchovu.

Mraba huo unaonyesha pia kwamba nukta inaweza kutembea kwenda kulia wakati ukuta haujabadilika hata kidogo. Inatosha watu wajenge chini. Mabaraji yetu yalipojengwa, chini yake hakukuwa na watu kama leo. Leo kuna wakulima wanaofuata udongo mzuri wa kando ya mto, wachimbaji wadogo, wavuvi, masoko. Baraji ya 1930 imekuwa baraji ya hatari kubwa zaidi bila kupata ufa hata mmoja. Kenya walilijua hilo kwa uchungu usiku wa tarehe 9 Mei 2018 huko Solai, karibu na Nakuru. Baraji ya udongo ya shamba la mtu binafsi ilivunjika juu ya watu waliolala, na zaidi ya 40 wakafa. Mamlaka ya maji ilisema haikuwa na kibali. Haikuwa nukta kwenye mraba wa mtu yeyote.

Tuwe wakweli juu ya Likasi yenyewe. Mji wetu uko juu kuliko ziwa la Tshangalele. Kama Mwadingusha ingepata shida, Kikula au Shituru hazingefunikwa na maji. Tungepoteza umeme, na pamoja nao pampu za maji. Na wa Kapolowe wangepoteza ziwa lao, wavuvi na wamama wanaouza samaki wakiwa wa kwanza. Walio kwenye njia ya maji ni wa chini: Mwadingusha yenyewe, Koni, na vijiji vinavyofuata Lufira kwenda kaskazini, kuelekea maporomoko ya Kiubo na bonde la Upemba. Tena Koni iko chini ya Mwadingusha, kama Nseke ilivyo chini ya Nzilo. Mabaraji mawili kwenye mto mmoja hayahesabiwi kila moja peke yake, Derna imeonyesha. Ramani inapaswa kuuliza: ya juu ikiachilia maji, ya chini itabeba au itaongeza?

Ramani hiyo wanaiita ramani ya mafuriko ya kuvunjika, na ndiyo mchoro wa muhimu zaidi kwa mkaaji. Inaonyesha mahali maji yatafika, kimo gani, na hasa baada ya dakika ngapi. Rangi moja kwa nusu saa ya kwanza, ingine kwa saa moja, ingine kwa saa tatu. Anayekaa kwenye rangi ya kwanza hana wakati wa kungoja gari la viongozi wala tangazo la redio. Anahitaji king'ora na njia ya kupanda mlimani anayoijua kabla. Wa rangi ya tatu, redio inamfaa.

Nchi yetu ina sheria ya mazingira ya tarehe 9 Julai 2011 inayompa kila mtu haki ya kupata habari juu ya mazingira. Ramani ya mafuriko ni habari ya namna hiyo. Kuna wanaosema ikitolewa raia wataogopa, au watu wabaya wataitumia. Woga upo, ni kweli. Lakini mtu aliye kando ya Lufira tayari anaogopa kila mvua ikinyesha siku tatu, na woga wake hauna mipaka, maana hana ramani ya kumwambia kwamba kilima kile pale kinatosha.

Upande wa Bukavu jambo lingine linaonekana kwa macho. Kwenye baraji ya Ruzizi ya kwanza, plastiki za mjini zinashuka na mvua kutoka milimani, zinaelea kwenye ziwa Kivu na kukusanyika mbele ya milango ya maji. Zinasimamisha mashine na kukata umeme. Hesabu ya tani zinazotolewa kila wiki, ikichorwa pamoja na mvua, ingewaambia wakubwa wa mji siku gani ya kutuma watu kabla mashine hazijasimama. Chupa ni kitu kidogo, lakini mlango uliozibwa wakati wa mafuriko si jambo dogo kwa baraji yoyote.

Na hapa Katanga tusisahau kuta zingine, zile zinazozuia mabaki ya viwanda vya shaba. Tarehe 18 Februari 2025, karibu na Chambishi, Zambia, ukuta wa namna hiyo wa kampuni ya Sino-Metals ulipasuka, na maji ya asidi yakaingia kwenye mito inayokwenda Kafue. Kuta hizo mara nyingi ni za udongo, zinaongezwa kimo kila mwaka, na vipimo vyake ni vile vile: presha, kuvuja, kusogea.

Kuna msaada unaotoka juu. Satelaiti za Ulaya za Sentinel-1, ya kwanza ilirushwa 2014, zinapita na rada, na kwa kulinganisha picha za siku tofauti inawezekana kuona ardhi au ukuta uliosogea milimita chache. Data ni bure, kijana wa chuo kikuu cha Likasi au Lubumbashi anaweza kuichukua. Matokeo ni ramani yenye nukta za rangi: kijani haijasogea, nyekundu inakwenda. Lakini si uchawi. Baada ya Brumadinho, Brazil, ambako ukuta wa mabaki ya mgodi ulivunjika tarehe 25 Januari 2019 na kuua watu 270, wataalamu walibishana. Wengine walisema satelaiti ilionyesha mwendo unaoongezeka wiki kadhaa kabla, wengine wakasema hapakuwa na dalili iliyo wazi. Satelaiti haioni maji yanayotembea ndani ya ukuta. Yule mfanyakazi anayesoma kibati cha V kila asubuhi bado ana kazi.

Hata ramani ya mafuriko inaweza kuanzishwa kwa vitu vya bure. Umbo la nchi, milima na mabonde, lilipimwa kutoka angani mwezi wa pili 2000 na chombo cha Marekani, na namba zake zimefunguliwa kwa wote, kipimo kimoja kila mita 30. Kwenye mabonde yenye kuta ndefu, kama chini ya Koni, inatosha kupata picha ya kwanza. Lufira ikifika kwenye tambarare, haitoshi: vipimo vile vinakosea kwa mita kadhaa, na kwenye nchi iliyolala mita mbili ni tofauti kati ya kijiji kikavu na kijiji ndani ya maji. Huko lazima watu waende kwa miguu na vyombo vya kupimia, wakiongozwa na wazee wa vijiji wanaokumbuka maji yalifika wapi mwaka ule mto ulipojaa.